Kigumu Juu, Laini Chini

Mellen Nyabate alikuwa akiziba meno Kapsoit kwa miaka tisa, na watu walimsifu hadi Kiptere. Mama yake, mchuma chai wa Mogogosiek, aling'olewa magego yote kabla hajafika miaka arobaini. Ndiyo maana Mellen alisomea kuokoa meno.

Basi asubuhi moja mzee Kipngeno, mkulima wa chai, alipoketi kitini mara ya tatu kwa jino lile lile, Mellen aliona haya.

"Chamgei, daktari," mzee alimsalimu kwa Kikalenjin. "Hii jino imenikataa. Nikikunywa chai ya moto, inauma mpaka kwa sikio."

"Pole, mzee. Fungua mdomo nione."

Juu, kizibo kilikuwa kigumu kama jiwe. Lakini alipokitoboa, chini alikuta kitu laini kama nta.

Dawa ile ya kuzibia huingia ikiwa laini kama siagi, kisha humulikwa kwa taa ya buluu hadi igande. Miaka yote hiyo alikuwa akigonga juu, akisikia ko, anaridhika.

Alimwekea mzee dawa ya muda, isiyohitaji taa. Mzee alipoondoka, Mellen alikata kipande cha mrija wa soda, akakijaza dawa na kukimulika sekunde ishirini, kama kawaida yake. Kisha akaisukuma dawa nje na kukwangua sehemu laini ya chini. Kilichobaki kigumu hakikufika milimita mbili, na chuoni walifundishwa kwamba nusu tu ya kina hicho ndiyo huwa imeganda vya kutosha. Yeye alikuwa akijaza milimita tatu kwa mara moja. Akageuza taa. Matone ya dawa yalikuwa yamegandia kwenye kioo cha ncha, na hata alipoyakwangua, mwanga ulibaki hafifu.

Onyiego, mwenye kliniki, hakufurahi aliposikia Mellen anataka kuwaita tena wagonjwa wake wa zamani. "Utawapigia watu simu uwaambie nini? Hao hawajalalamika."

"Hawawezi kujua. Hata mimi sikujua."

Siku mbili baadaye Onyiego alileta taa mpya. Mellen akafungua rejista, akaanza kupiga simu. Katika watu arobaini na mmoja waliokuwa na matundu ya kina kama la Kipngeno, walikuja ishirini na sita. Mmoja wao, Mwalimu Rodah, alimwambia usoni, "Mimi nilikuamini." Mellen alimwambia pole, akaanza kukitoboa kizibo chake.

Kipngeno alizibwa upya kwa matabaka membamba, kila moja likimulikwa peke yake.

"Leo umenimaliza mdomo," alinung'unika.

"Vumilia, mzee. Bado moja."

Wale kumi na watano ambao hawakuja, wengine simu zao hazikushika, wengine walisema wako sawa. Mellen aliandika majina yao kwenye karatasi, akaibandika ndani ya kabati la dawa. Mmoja wao akitokea, hata kama amemsindikiza mtu tu, Mellen humvutia kiti na kumwambia, "Kaa hapa kidogo, kuna kitu nataka kukuambia."