Boti ya Meneja Mikononi mwa Paskazia

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Yassin, fundi redio wa Mabatini mjini Mwanza, anasimama mlangoni kwa jirani yake na kutoa heshima: "Shikamoo mama."

Hajibiwi. Paskazia Shimba ananyanyua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiendelea kuzungusha waya wa shaba kwenye kipande cha chuma kisichozidi dole gumba. Yassin anasubiri.

"Marahaba," anasema hatimaye. "Kumi na nane. Ulitaka kunivuruga."

"Mama, pasi za watu zimelala hapo, wewe unacheza na vya watoto?"

"Ndiyo. Na waya wenyewe umenipa wewe."

Kidole hicho alitoka nacho kiwandani. Kwenye karakana ya umeme ya kiwanda cha nguo alikofanya kazi miaka kumi na minne, anayehesabu mizunguko hasalimiwi. Akisalimiwa, hata na mkubwa wa kiwanda, ananyanyua kidole, na mkubwa anasubiri. Mzunguko mmoja ukipotea, mota itaungua. Mabatini walipomwona mara ya kwanza walisema huyu mama ana dharau. Sasa wamezoea.

Kipande alichoshika ni moyo wa mota ya boti. Si boti ya kuvulia. Ni boti ya mashindano, fupi kuliko mkono wa mtu mzima, inayokwenda kwa betri na kuongozwa kwa rimoti kutoka ufukoni. Mwenyewe ni meneja wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, mgeni kutoka Ulaya, ambaye Jumapili hushindana na wageni wenzake. Wiki mbili zilizopita mota iliungua. Mpya ingechukua miezi miwili kufika, na mashindano ni kesho.

Paskazia, mwenye miaka 43, alikwisha kugonga geti la kiwanda hicho mara tatu akiomba kusuka mota za pampu zilizoungua. Mara zote jibu lilikuwa moja: hatutumii mafundi wa uchochoroni. Mota zinapakiwa kwenye lori, zinavuka mpaka kwenda kusukwa Nairobi, na waliokuwa wakizisuka hapa Mwanza wanauza maandazi. Hiyo ndiyo biashara huria tuliyoambiwa tuipigie makofi.

Aliyemkumbuka ni Nathaniel, dereva wa meneja, ambaye zamani aliendesha lori la pamba kiwandani kwao. Ndiye aliyemletea boti, imefungwa kwenye taulo.

"Mama Suzana, amesema ikienda vizuri atakupa pampu moja ujaribu," alimwambia. "Ikiharibika, nisimtajie jina lako tena."

Paskazia alifundishwa kusuka mota kwa sababu wakubwa wa kiwanda cha nguo waliamini mikono ya kike ina subira. Mwaka 1994 wakubwa hao hao walibandika karatasi getini, majina mia tatu na arobaini, juu yake limeandikwa neno moja: ziada. Hakuna aliyeulizwa anajua kufanya nini, na baadaye kiwanda chenyewe kikafungwa kwa kufuli. Kiinua mgongo chake kilitosha mita ya kupimia umeme, mabati sita na karo ya muhula mmoja ya bintiye Suzana. Kwa miaka mitatu sasa anaishi kwa feni na pasi. Mwezi mzuri haumpi zaidi ya shilingi elfu ishirini.

"Watu wanadhani ujuzi unabaki kiwandani na mashine," anasema. "Mimi nilitoka nao getini. Hawakunipekua vidole."

Lakini Alhamisi vidole hivyo vilimponza. Paskazia ni mzaliwa wa Busisi, na baba yake alikuwa fundi wa kuziba mitumbwi iliyovuja. Alipoipindua boti ya meneja aliona tundu nyuma, karibu na pangaboi, dogo kama la kalamu. Hakufikiri mara mbili. Alichukua pamba na grisi, akaliziba barabara kama alivyomwona baba yake akiziba tangu utotoni.

Wakaenda kuijaribu ziwani, kwenye mwalo wa Kirumba. Boti iliondoka kama imefukuzwa. Haikumaliza dakika, ikaanza kutoa moshi.

Nathaniel alijishika kichwa. Yassin aliyewasindikiza akasema, "Basi, mama, umeipika."

Paskazia alikaa kwenye mchanga, akaifungua. Kutoka kwenye tundu lile alifuata kibomba chembamba kilichokwenda ndani, kikaizunguka mota na kutokea ubavuni. Ndipo alipoelewa. Halikuwa tundu la kuvuja. Boti hiyo hunywa maji ya ziwa, inajipoza, halafu inayatema.

"Kwetu tundu kwenye mtumbwi ni msiba," anasema. "Mimi nikaona tundu, nikaona msiba. Kumbe nimeuziba mdomo wa mwenye kiu."

Kwa hiyo tundu amelizibua, na leo anasuka upya. Ile ya kwanza aliipa mizunguko kumi na mitano kila upande, kwa ajili ya mbio. Sasa ni kumi na minane, ipunguze mbio lakini isichemke. Nathaniel, aliyepitia kuona kazi imefikia wapi, hataki kusikia hayo.

"Itakuwa nzito, Mama Suzana. Jamaa anataka kushinda."

"Anataka kushinda yeye. Mimi nataka pampu."

Jumapili saa tisa boti nne zinazunguka maboya ya nyavu yaliyotegwa majini, mizunguko mitatu. Wengine wanaangalia nani yuko mbele. Paskazia anaangalia uzi wa maji unaoruka ubavuni mwa boti yake. Watoto wanacheka kwamba inakojoa. Yeye hacheki. Uzi ukikatika, na yeye amekwisha.

Haukatiki. Boti ya meneja inashika nafasi ya pili. Meneja anakunja uso, na Nathaniel anatazama viatu vyake.

Paskazia anaitoa boti majini, anaifungua, anaweka kiganja juu ya mota. "Gusa," anamwambia meneja. Anagusa. Ni vuguvugu. Kisha Paskazia anamwonyesha kwa kidevu boti iliyoshinda, ambayo mwenyewe ameifungua na kurudisha mkono haraka akipuliza vidole. Harufu ya vanishi ya waya iliyoungua inawafikia wote.

Meneja anaweka mkono tena juu ya mota yake, safari hii kwa muda mrefu.

Jumatatu asubuhi gari la kiwanda linashusha Mabatini mota ya pampu inayobebwa na wanaume wanne. Yassin amesaidia kubeba, na mwenyewe anasogeza pasi za watu kuipisha.

Pampu zikiendelea kuja, Paskazia atawaita Rebeka na Rose, wenzake wa karakana. Mmoja anakaanga maandazi, mwingine amerudi kulima Buswelu. Lakini jicho lake liko mbali zaidi ya minofu.

"Mle kiwanda cha nguo mmefungiwa mota thelathini na moja," anasema akikata waya. "Kila moja nimeisuka mimi au mwenzangu. Siku wakivunja ile kufuli, wasiende kutafuta fundi ng'ambo. Waje hapa, na waje na majina yetu yote mia tatu na arobaini."

Anainama, anaanza kuhesabu. Nje gari dogo linasimama. Meneja anachungulia mlangoni na kusema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Habari za asubuhi, fundi."

Kidole kinapanda.

Meneja anavua kofia, anasimama juani, anasubiri.