Kipara cha Bei Poa

Wanaosifia mpangilio wa nchi hii hawajawahi kunyolewa kwenye saluni ya bei poa. Zile zenye matawi, utazikuta karibu kila jengo la maduka hapa Stockholm: taa kali zilezile, viti vyeusi vilevile, muziki uleule usiomfurahisha mtu. Unachukua namba mlangoni kama uko duka la dawa la huku, unakaa, unasubiri iwake ukutani. Salamu hakuna. Unaingia kama ng'ombe anayepelekwa joshoni, unatokea upande wa pili.

Ninaye kinyozi wangu mtaa wa Rinkeby, Mkongo, mkono mwepesi, kichwa changu anakijua. Jumamosi ile nilimkwepa makusudi. Mdogo wangu, aliyekuwa akiishi peke yake mji mmoja huko kaskazini, alikuwa amefariki ghafla siku tisa nyuma, na mama yetu kule Kigoma hakuwa ameambiwa. Mama alikuwa amelazwa, apasuliwe Jumatatu, na daktari alishaonya: presha ikipanda, hamgusi. Tukakubaliana na dada yangu anayemuuguza kwamba mama asijue mpaka apasuliwe, apate nafuu. Kila akimuulizia mdogo wangu, tulimwambia simu yake imeharibika. Sasa yule Mkongo angeniona uso tu angenichimba mpaka niseme, na benchi lake halikosi watu wenye midomo. Kabla sijavuka barabara, rambirambi ingeshafika Kigoma.

Na kunyoa ilikuwa lazima. Saa kumi mama angepiga simu ya video kama kila Jumamosi, na zile nywele na ndevu za mtu aliyesahau kujitazama siku tisa zingemwambia kila kitu. Nilitaka nionekane mtu wa kawaida, basi.

Namba yangu ikaitwa. Binti wa watu, anatafuna bigijii, hakuniuliza hata hali. Nikamwambia namba nne juu, namba mbili pembeni. Akazishika nywele zangu kwa ncha za vidole viwili, kama anakagua samaki wa jana. "Zako ni ngumu," akasema. Ngumu! Zimeota kichwani hapa miaka arobaini na sita, hazijawahi kumshinda mtu aliyejifunza kazi. Akachomeka kile kichana cha plastiki kwenye mashine nusunusu, jicho moja liko kwenye simu yake. Akapitisha mara ya kwanza. Kichana kikachomoka, mashine ikala mpaka kwenye ngozi, kuanzia kwenye paji la uso hadi utosini.

"Hoppsan," akasema. Ndilo neno lao mtu akidondosha kijiko. Nikamtazama kwenye kioo nisiamini masikio yangu. Akanieleza, bila haya, kwamba dawa yake ni kunyoa zote zilingane. Ningefanyaje, nitoke nje na barabara kichwani? Akaninyoa kipara, halafu akanipa kuponi ya kunyolewa bure mara ijayo. Kunyolewa nini, mwanaharamu wewe? Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba nililipa, na nikasema asante.

Katika ukoo wetu mwanamume hanyoi kipara hivihivi. Tunanyoa msibani tu, na hakuna anayelijua hilo kuliko mama, aliyewanyoa wajomba zangu kwa wembe wake mwenyewe. Kwenye treni ya kurudi nyumbani Norsborg nilikuna kichwa kile kitupu nikitafuta la kufanya. Nivae kofia? Kwetu huongei na mama umevaa kofia, angeniambia niivue. Nisipokee? Angeshuku zaidi. Nikaamua nitamwambia ukweli wa saluni, tena kwa kicheko.

Saa kumi simu ikaita. Dada ndiye aliyeishika, na nikaona macho yanamtoka kabla hajamgeuzia mama.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa ananitazama kichwa. Nikaanza mbio: mama, usione hivi, nimepita saluni ya rahisi, kibinti hakijui hata kushika mashine, kichana kikachomoka, wee, Wazungu hawa! Nikacheka. Yote yalikuwa kweli tupu, kweli ya kwanza niliyomwambia tangu msiba utupate, na nilijisikia naongopa kila neno. Nilisikia kicheko changu kinavyoparuza. Yule binti nilimdharau, lakini wakati ule nilijidharau mimi zaidi, jitu zima linamchekea mama yake mgonjwa.

Aliniacha nimalize. Alijiinua kidogo kwenye mto, akamzuia dada mkono asizime simu. Hakuuliza amekufa nani.

"Mmeshamzika?" akauliza.

"Bado, mama," nikasema.