Leo Si Zamu ya Mzee Hamira

Mgeni akiuliza njia katika mji wetu, ajue anajitafutia balaa. Ataambiwa kwa upole kabisa: "Nyoosha mpaka sinema, kata kushoto kwa kinyozi, ukifika kwenye bomba uliza tena, hapo ushafika." Maskini atanyoosha. Sinema haipo, ilivunjwa likajengwa ghorofa la kuuza simu. Kwa kinyozi sasa ni duka la dawa. Bomba liling'olewa zamani na hata alama yake haionekani. Lakini sisi tuliozaliwa hapa tunaviona vyote vimesimama palepale, na mgeni akilalamika tunamshangaa yeye.

Baba yangu alikuwa mwoka mikate katika bekari ya mji, ambayo nayo haipo. Pale siku hizi vijana wanaosha magari. Alianza kwa kubeba kuni, akapandishwa kukanda unga, mwisho akawa msimamizi wa zamu. Watu walimwita Hamira, kwanza kwa ajili ya kazi yake, na pili kwa sababu ukimgusa kidogo tu, anaumuka. Alipokuwa akipima unga uliokandwa, alijifinya kwanza ndewe ya sikio, kisha akaufinya unga. Visipolingana kwa ulaini, kazi ilianza upya na wote walikiona cha mtema kuni. Marehemu mama alikwenda pale dirishani siku moja, bado msichana, kulalamika kwamba amekuta jiwe ndani ya mkate. Baba alitoka kuja kufoka. Mama akafoka zaidi. Alikwenda na malalamiko akarudi na mchumba, na mpaka anaingia kaburini alishikilia kwamba lile lilikuwa jiwe, na baba akashikilia kwamba ilikuwa chumvi ya mawe.

Enzi zile mji ulikuwa na watu wake. Palikuwa na Meneja, aliyesimama mlangoni pa sinema na tai shingoni, ingawa hakuajiriwa na mtu yeyote. Ukimuudhi, alikuambia mwisho wa filamu kabla hujaingia. Palikuwa na Kinyozi Kimya, ambaye barabarani alikuwa na domo kama cherehani, lakini akishika wembe humtoi neno. Hao wameshatangulia. Waliobaki ni Redio Mbao, mama muuza mkaa ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, na Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa maisha yake yote na hakuna hata moja kibandani kwake iliyokubaliana na mwenzake. Ukimuuliza saa ngapi, anakuuliza: "Unataka ya nani?"

Baba alipoanza kusahau, hakusahau kazi. Alisahau kwamba mama amefariki, alisahau amekula, siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake. Lakini kila siku alivaa shati lake jeupe, akachukua fimbo, akaenda bekari. Siku ya kwanza alisimama katikati ya wale waosha magari akiwauliza wameficha wapi tanuri. Vijana wakacheka. Baba akainua fimbo. Redio Mbao ndiye aliyevuka barabara na mikono yake myeusi ya mkaa, akamwambia, "Mzee Hamira, shikamoo. Leo si zamu yako. Zamu yako kesho."

Baba akashusha fimbo. "Mbona sikupewa taarifa?"

"Ndiyo nakupa sasa."

Akageuka akarudi nyumbani, ameridhika. Kuanzia hapo mtaa mzima ukajua jibu. Vijana wa magari wakalishika, muuza magazeti akalishika, hata watoto wa shule. Baba anatoka, anaambiwa zamu yake kesho, anarudi anakunywa chai. Akipotea njia, anauliza kwa kinyozi ni wapi, na kwa bahati yake anaishi katika mji pekee ambao watu bado wanajua kwa kinyozi ni wapi.

Mdogo wangu wa kiume hakupenda. Yeye anaishi mbali, katika jiji kubwa, ana kazi nzuri na nyumba ghorofani yenye geti la chuma mlangoni. Kila akija likizo ananiambia, "Dada, mnamdanganya mzee kama mtoto mdogo." Yeye alimwambia baba ukweli. Nilikuwepo. "Baba, bekari ilivunjwa. Zamani." Baba akakaa kwenye kiti taratibu, akauliza, "Na wenzangu?" Mdogo wangu akamwambia na hilo. Baba alilia siku hiyo kama mtu aliyepata msiba, na kesho yake alikuwa amesahau yote isipokuwa majonzi. Nilimkasirikia mdogo wangu kiasi cha kutomwekea chakula, nami si mtu wa kumnyima mtu chakula.

Lakini siwezi kusema alikuwa mbaya. Barabara kubwa mpya inapita upande wa pili wa mji, malori yanakwenda kama yamefukuzwa, na yeye usiku alikuwa halali akiwaza siku baba atakapofika huko. Mimi mwenyewe miguu imeanza kunigomea. Basi tulipobishana mwaka huu akanishinda. Tukakubaliana baba ahamie kwake. Nilisema ndiyo kwa mdomo, moyo ukinisuta.

Siku ya safari nilifunga nguo za baba kwenye begi, mashati meupe juu. Mdogo wangu akalipeleka kwenye buti la gari. Nikaingia jikoni kuwafungia chakula cha njiani, na nilipotoka, lango lilikuwa wazi na kiti cha baba kitupu. Fimbo haikuwepo.

"Usijali," nilimwambia mdogo wangu. "Atakuwa kwa waosha magari. Watamrudisha."

Hakuwa huko. Redio Mbao hakumwona, na jambo ambalo Redio Mbao hakuliona lilinitia baridi mwilini. Tukaenda kwa Fundi Saa. Alikuwa ameinamia saa ya ukutani, lenzi jichoni.

"Amepita," akasema. "Kaniuliza kuhusu bekari."

"Ukamwambia zamu yake kesho?"

Fundi Saa akatoa lenzi, akajikuna kidevu. "Ile ya zamu ilinitoka kichwani, mwanangu. Na mimi umri umekwenda. Nikamwambia tu unga haujafika."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Kaguna, akaondoka. Nikajua karudi nyumbani."

Nilishika kichwa. "Fundi! Umwambie msimamizi wa bekari unga haujafika, halafu aende nyumbani kulala?"

Mzee wa watu akabaki ametoa macho. Alielewa palepale, nami nikajuta kumpandishia sauti. Baba alikuwa amekwenda kuufuata unga. Na unga ulikuwa unashushwa ghalani, kule relini, mwisho wa mji. Reli iling'olewa zamani. Juu yake ndiko ilikopita hiyo barabara ya malori.

Mdogo wangu alikuwa ameshatoa simu. "Ghala la unga," alikuwa akiiambia, "ghala la unga la zamani." Simu ikamletea duka la keki mtaa wa tatu. Akaiangalia kwa hasira, akaitupa kwenye kiti cha gari. "Ingia, dada. Mimi napajua."

"Wewe unapajua wapi?"

"Si alikuwa ananipakia kwenye baiskeli kwenda kukagua magunia?"

Ni kweli. Yeye alipakiwa, mimi niliachwa kuosha vyombo, na mpaka leo jambo hilo linanichoma. Lakini siku hiyo nilimshukuru Mungu kwamba japo mmoja wetu alipakiwa. Akaendesha huku akiongea peke yake kwa sauti: "Nyuma ya sinema. Halafu kwa fundi viatu yule wa mguu mmoja. Halafu penye dampo, alikuwa ananiambia nizibe pua." Mtu aliyekuwa akitucheka miaka yote kwa kuelekezana kwa vitu visivyokuwepo, leo alikuwa anakata kona kwenye dampo ambalo sasa ni uwanja wa watoto kuchezea. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, naahidi hata mambo ambayo sina uwezo nayo.

Tulipoifikia barabara kubwa, lori moja lilitupita, gari letu likatikisika. Nikafumba macho. Nilipofumbua nikaona ng'ambo, mbele ya yadi moja ya kuuza vigae, mlinzi kijana amesimama juani na sare yake, na kando yake kwenye kiti, kivulini, baba yangu amekaa na fimbo kati ya magoti.

Tulivuka na gari sijui vipi. Mlinzi akatutazama kwa matumaini, kama mtu aliyechoka kusimama.

"Huyu mzee ni wenu?"

"Ni wetu," nikasema, na hapo machozi yakanitoka, nami huwa silii mbele ya watu.

"Nilimwona ng'ambo ya pili," mlinzi akasema. "Ameinua fimbo, malori yote yamesimama, madereva wanapiga honi. Nikakimbia nikamshika mkono. Anasema anasubiri lori la unga. Nikamwambia, mzee, hapa tunauza vigae. Akaniambia basi nimpishe kiti wakati anasubiri."

Kijana huyo hakuzaliwa kwetu. Hajui sinema wala kinyozi. Nilimshika mikono yote miwili nikashindwa kumwachia, mpaka akaona haya.

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti. Nilimwona anavuta pumzi, nikajua kinachokuja: atamwambia baba ukweli, hapohapo, kando ya malori. Lakini baba alimuwahi.

"Dereva!" akafoka, akimgonga begani kwa kidole. "Saa hizi ndiyo unafika? Watu watakula nini asubuhi?"

Mdogo wangu akafungua mdomo, akaufunga.

"Nisamehe, mzee," akasema mwisho. "Njia ilikuwa mbovu."

"Njia mbovu, njia mbovu. Na unga?"

"Uko kwenye gari."

"Umeufunika? Ukiingia maji sitaupokea."

"Nimeufunika vizuri."

Baba akaenda mpaka nyuma ya gari, akaligongagonga buti lililokuwa na begi la nguo zake, akatikisa kichwa kuonesha amekubali. Kisha akamwagiza mlinzi akae, asimame kwa nini, naye akapanda mbele kando ya dereva kama alivyozoea msimamizi. Mimi nikakaa nyuma, kwa mara nyingine tena.

Tulikwenda polepole. Baba alikuwa akimkagua mdogo wangu kwa pembeni, mikono yake, kola yake, anavyoshika usukani.

"Kijana," akasema, "wewe mtoto wa nani?"

"Wa mwoka mikate."

"Yupi? Wako wengi."

"Anaitwa Hamira."

Baba akacheka, kicheko chake chote cha zamani ambacho nilikuwa sijakisikia tangu mama afariki. "Hamira! Huyo namjua sana. Mkali huyo, lakini kazi anaijua. Anakupenda?"

"Hakuwahi kusema."

"Hatasema. Watu wa tanuri hawana muda," baba akasema. "Lakini msalimie. Mwambie mimi nimesema ana kijana mzuri. Amechelewa, lakini amefika na mzigo."

"Nitamwambia," mdogo wangu akasema. Akaegesha gari pembeni kidogo, akasema kuna vumbi limeingia machoni, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Nyumbani baba alikunywa chai yake akasinzia kitini. Jua lilikuwa bado halijapoa, na safari ingewezekana. Nilikwenda kuchukua chakula nilichowafungia. Niliporudi, nilimkuta mdogo wangu amelitoa begi kwenye buti. Alilibeba mpaka chumbani kwa baba, akalifungua, akaanza kutundika mashati meupe, moja moja.

"Hamwendi?" nikamuuliza.

Hakugeuka. "Tutatafuta mtu wa kukusaidia, dada. Nami nitakuwa nakuja kila ninapoweza, sitangoja likizo." Akalinyoosha shati kola. "Kule kwangu akitoka nje akauliza njia, nani atamjibu?"