Ufunguo wa Choo cha Wasichana

Walimwita Kipaza, maana akijibu swali darasani, waliokuwa uwanjani nao walisikia jibu. Binti wa fundi cherehani, kidato cha tatu, mwembamba hivi, lakini mkaidi, basi mkaidi kweli.

Shule yao ya mjini ilikuwa na wanafunzi mia tisa na choo kimoja cha wasichana, nacho kina kufuli. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari ofisini kwa mwalimu mkuu, eti kwa sababu mwaka juzi wasichana walivunja bomba. Aliyebanwa agonge mlango wa bwana mkubwa, aeleze shida yake mbele ya wageni. Nani angeweza? Basi wasichana hawakunywa maji tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Midomo mikavu, vichwa vinagonga, halafu waambiwe hesabu zinawashinda. Kuna watu hawana haya.

Kipaza akagombea ukiranja mkuu kwa ahadi moja tu: ufunguo ukae kwa wasichana wenyewe.

"Mwanangu, mdomo huo utakuponza," mama yake akamwambia, mguu ukikanyaga cherehani.

"Kunyamaza kumeshaniponza, mama. Acha nijaribu kusema."

Miaka yote kura zilipigwa kwa karatasi, zikahesabiwa ofisini mlango umefungwa, na akashinda kipenzi cha ofisi. Mwaka huu mwalimu mkuu akajitia ujanja. Alitaka awaone wakaidi kwa macho yake, kwa hiyo akaamuru kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake, hadharani, walimu wakitazama. Alidhani woga utamfanyia kazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwanzo Kipaza alisimama peke yake, na aliogopa, tusidanganyane. Nyuma ya mpinzani wake, mpwa wa makamu wa mwalimu mkuu, walishafika arobaini. Kisha akaja jirani yake wa dawati, yule aliyezimia kwa kiu kwenye gwaride la juzi. Wakaja wawili. Wakaja darasa zima, na wavulana wenye dada zao humo, hata mstari ukazunguka goli na kurudi.

Mwalimu mkuu akakohoa. "Matokeo yatatangazwa Ijumaa. Rudini madarasani."

Hakuna aliyesogea.

"Mwalimu, si tupo hapa hapa?" Kipaza akasema, na siku hiyo alisema taratibu. "Tuhesabiane. Moja."

"Mbili," akadakia jirani yake.

"Tatu."

Wakaenda hivyo, kila mtu na sauti yake, mpaka mia sita na kumi na mbili. Mwalimu mkuu hakungoja mstari wa pili uhesabiwe. Aliingia ofisini akabamiza mlango.

Kipaza hakumfuata. Alikwenda kwenye bomba la uwanjani akanywa maji mpaka akashiba, na wasichana wakapanga mstari nyuma yake, wakanywa mmoja mmoja. Kisha mstari ule ule ukaelekea ofisini, naye akagonga mlango.

"Shikamoo, mwalimu. Tumekunywa maji. Tumefuata ufunguo."