Maiti Aliyemjibu Mtani

Jamani, nichekeni tu, nimestahili. Kikundi chetu cha maigizo hapa Kibiti kilikuwa kinachagua waigizaji wa mchezo wa kuchekesha: mtu anauawa, watazamaji wanauliza maswali mpaka wamjue muuaji. Mimi nikajaribiwa kwa nafasi ya maiti. Kulala kimya chini ya shuka, nani anashindwa?

Watazamaji walipokaribishwa kuuliza, mtani wangu Mwanahawa akainuka, akaanza kumkejeli marehemu kama watani wafanyavyo msibani.

"Huyu alikuwa mlafi! Maulidi ya juzi kaficha nyama ndani ya kofia!"

Watu wakavunjika mbavu, akiwemo mama mkwe wangu, aliyeipika nyama hiyo. Nikauma meno.

"Mafuta yakamchuruzika mpaka masikioni!"

Nikaketi na shuka langu. "Mwongo! Niliitia mfukoni!"