Nilivyomshika Mama Mkwe Mkono kwa Ajili ya Vipokezi

Jamani, hili nalisimulia huku uso umenishuka, maana hata leo nikipita Magole natazama upande wa pili wa barabara. Mimi ni mtoto wa Magomeni, Kilosa, nafundisha baiolojia sekondari Mikumi, na siku hiyo nilikwenda na mshenga wangu kujitambulisha kwa kina Kabula, mchumba wangu, huko Magole. Kabula alishanionya kwamba kwao Wasukuma mkwe hamshiki mama mkwe, hata mkono hampi, nikikosea hapo posa inakwama. Nikamwambia asihofu (kichwa cha mwalimu hakisahau), na kweli nilipofika nikamwamkia mama kwa mbali, shikamoo, akaitikia marahaba, mambo yakaenda vizuri mpaka baba yake, kwa wema wake tu, akaniuliza hivi chuoni najiendeleza kwa kusoma nini.

Ningejibu "magonjwa" yangeisha. Lakini mimi watu wakininyamazia tu mori wa kufundisha unanipanda, nikaanza: seli za mwili zinatumiana ujumbe kwa protini ndogo ziitwazo saitokini, na kila seli ina vipokezi kwa nje, vya aina nyingi ila vimejengwa kwa ramani moja, vinafanana kama watu wa ukoo, ujumbe ukifika viwili vinashikana, na kule ndani wanaamka wajumbe wa kupeleka habari kwenye kiini. Mzee akakunja uso, hajaelewa. Nikatafuta mfano wa karibu, nikamwona mama kule mkekani akiwamiminia chai mashangazi, amevaa kitenge sawasawa na shati langu (soko letu ni moja). Nikaenda. "Mfano mimi na mama hapa, tunafanana, ujumbe umefika," nikamshika mkono, na ili waelewe vizuri nikauinua juu.

Birika likaanguka. Mama akachomoa mkono akakimbilia nyuma ya nyumba, mashangazi wakaanza kuongea Kisukuma wote kwa pamoja, mshenga wangu akawa anatafuta viatu vyake. Kabula analia. Niliogopa, nikaona kabisa mke anaondoka.

Baba yake akaniuliza, "Mwalimu, huo ujumbe ukishaingia ndani, unazimwaje?"

Nikajibu kwamba seli ina protini nyingine za kuuzima.

"Sisi hapa kazi hiyo anaifanya mbuzi," akasema. "Umlete kabla ya posa."

Nilimpeleka, mnene, nikimvuta kwa kamba mwenyewe huku Magole nzima inanitazama, na Kabula nikampata. Ila nimeapa, mtu akiniuliza nasoma nini, nitamjibu nasoma tu, na mikono nitaiweka mfukoni.