Herufi za Mrumi Nilizozigeuza kwa Ubishi

Hasira niliyonayo leo ni ya kujikasirikia mwenyewe. Mwalimu mmoja wa Dar aliniagiza sarafu za mfano wa zile za Warumi wa kale. Hapa mtaani Xiaobei nikampata fundi mzee wa Kichina, anachonga chapa ya chuma kwa mkono kisha anaigonga kwa nyundo, kama wao walivyofanya. Kuiona chapa tu, nikakuta herufi zote ziko kinyume! Hasira ikanipanda hadi utosini.

"Hujui kusoma? Zigeuze!"

Akaniita laoban, yaani bosi, akanisihi niziache. Nikapiga meza mbele ya wafanyakazi wake. Basi akachonga upya, akaweka shaba, akagonga.

Jina la mfalme wa Kirumi likatoka kinyumenyume kwenye sarafu. Mzee akaniletea kioo.

"Soma sasa, laoban."